Dirisha la Amana

Chumba changu cha kushonea huko Nyamirambo kilipata dirisha kabla ya kupata tundu la kulitia, kisha kikapata tundu kikakosa dirisha. Siku hizi kina vyote viwili na hakuna anayeingia akashangaa. Kioo kilichopo sasa tulikinunua baadaye sana, kwa mtu asiye na haraka, na wala sikumbuki sura yake. Yule wa kwanza namkumbuka mpaka kucha. Majirani wanayo masimulizi yao juu ya habari hii, na ndani yake mimi ni mjinga na mume wangu ni mkaidi. Hilo la pili ni kweli.

Ilikuwa katika miaka ya sabini. Nyumba ilijengwa na baba mkwe, mtu ambaye babu yake alifika Rwanda na mizigo ya vitambaa kutoka pwani akaoa huku huku, na ambaye aliogopa wezi kuliko alivyoogopa giza. Chumba cha nyuma alikizungushia ukuta mnene wa matofali ya udongo, bila upenyo wowote isipokuwa mlango wa kutokea ukumbini. Nafikiri alikusudia kuweka vitambaa humo. Alifariki kabla ya vitambaa kufika, nikawekwa mimi na cherehani.

Mtu ataniuliza kwa nini sikushonea barazani. Nilijaribu. Kila aliyepita barabarani alisimama kunisalimia, na salamu za kwetu haziishi upesi. Isitoshe, mwanamke anayepimwa kifua hapimwi mbele ya wauza mkaa. Nikarudi ndani na taa yangu ya mafuta, nikawa nawasha taa saa nne asubuhi wakati kuku nje wanatafuta kivuli.

Nilianza kukosea nyuzi. Nyeusi na buluu ya giza zikiwa chumbani humo ni uzi mmoja, na mimi nilikuwa na bobini za aina zote mbili. Nilimshonea sketi nyeusi mama mmoja karani wa ofisi huko Kiyovu, mtaa wa wakubwa, akaivaa, akatoka nayo juani, na wenzake wakamwonyesha kwamba pindo lote lilikuwa la buluu. Akairudisha akiwa ameikunja vizuri sana, bila neno baya. Hakuja tena. Wakafuata wengine wawili watatu, nao kwa adabu hiyo hiyo. Kushona kulikuwa ndicho kitu pekee nyumbani mle nilichoweza kukiita changu, na nilikiona kinaniponyoka. Usiku nilijishika kope nikajiuliza kama ni chumba kinachoharibika au ni macho. Niliogopa kweli.

Sasa nieleze habari za mume wangu. Alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, mpole, mwenye maneno machache, na kwake amana haikuwa jambo la kusomewa msikitini tu. Rafiki yake aliyehamia Bujumbura kwa muda alituachia redio. Yetu wakati huo ilikuwa imekufa. Ile ya rafiki ilikaa juu ya kabati, nzima, na mume wangu hakuifungua hata mara moja. Betri alizitoa zisije zikavuja ndani, akazifunga kwenye kitambaa, nazo zikawa amana pembeni ya redio. Kila Ijumaa alivipangusa vumbi vyote. Habari za dunia tulikwenda kuzisikiliza kwa jirani.

Jirani huyo, mjane mwenye nyumba iliyogusana na yetu, ndiye aliyempata mtu wa madirisha kabla yangu. Wakati huo bwana huyo alikuwa akiuza rangi. Alikuja mtaani na kamioneti ya kukodi, gari dogo la mizigo, na dereva wake, tai shingoni, na mkoba uliojaa vipande: kipande cha bati, kipande cha kioo, kitasa kisicho na mlango. Alimwomba mjane ruhusa amwonyeshe rangi kidogo tu ukutani, bure, apate kuiona ikiwa imekauka. Akapaka kiraka cha kijani kando ya mlango wa mbele, ukubwa wa mkeka wa kusalia, akashukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila mpita njia alimuuliza mjane kama rangi ilimwishia. Wifi yake alimuuliza kama ukuta unaumwa. Alivumilia mpaka mwezi ulipoandama, kisha akanunua makopo ya kutosha nyumba nzima na choo. Mimi nilicheka, tena mbele yake. Yeye hakucheka. Aliniambia nisubiri tu, kwangu pia atafika.

Akafika. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa kitu, na yule bwana alikuwa amekaa mtaani kiasi cha kulijua hilo kuliko sisi. Alikunywa polepole. Aliomba kikombe cha pili. Mpaka anakiweka chini alikuwa amesifu watoto, amesifu tangawizi, amejua mume wangu anauza nini na anarudi saa ngapi, na ameniona nikitoka chumbani kwenda kusimama mlangoni ili nitie uzi kwenye sindano. Hakuuliza kama tuna haja ya kitu.

Akasema, "Mama, utashona giza mpaka lini? Kule Kiyovu ata kuku iko na dirisha."

Nikamwambia kuku wa Kiyovu hawashoni. Akatabasamu kama mtu aliyezoea kutukanwa, akaanza. Alinieleza habari za mama mmoja wa Kabeza aliyeshona gizani miaka na miaka mpaka akawa anaongea na cherehani, watu wakampeleka Ndera kwa wagonjwa wa akili. Nilimuuliza cherehani ilikuwa ikimjibu nini. Alisema hiyo hakuambiwa. Akasema kuna bei ya promosio, yaani bei iliyoshushwa, na inaisha jioni ile ile. Katika muda wote niliomjua, promosio ilikuwa inaisha jioni ile ile.

Shida yangu ni kwamba nililitaka. Lilikuwa dirisha zuri, la fremu ya chuma, vioo vyake vimeshatiwa, na komeo dogo la shaba lililogeuka kwa kidole kimoja. Alinipa nilifunge na kulifungua, nikalifunga na kulifungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mume wangu aliporudi alimsikiliza hadi mwisho, akasema atafikiri. Yule bwana akasema afikiri akiwa analiangalia. Wakaliingiza ndani yeye na dereva, wakaliegemeza ukutani ukumbini.

"Naiacha hapa, mzee. Mutaiangalia, mutaizoea. Lazima hakuna."

Mume wangu akamuuliza, "Unaiacha amana?"

"Amana kabisa, mzee," akajibu kwa furaha, akampa mkono.

Nilikuja kujua baadaye, kwa wengine waliopitiwa, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Huacha kitu. Baada ya siku chache watu huona ni upuuzi kuwa na mlango umeegemea ukuta na nyumba haina mlango, wakaita fundi, wakaupigilia. Hapo ndipo hurudi, akakuta misumari imeshaingia, na bei anaitaja yeye. Njia hiyo ilikuwa haijamwangusha bado. Hakuwa mtu wa dini yetu, na nadhani aliichukulia amana kuwa ni neno la heshima la Waswahili, kama karibu.

Mume wangu alilifunika dirisha kwa shuka letu la harusi, kwa sababu ndilo lililokuwa zito. Watoto wakakatazwa mpira ukumbini. Wageni wakahamishwa kiti. Yeye akienda sokoni mimi nililifunua nikatazama kupitia kwenye kioo, na ukuta nyuma yake ulionekana vizuri sana.

Yule bwana aliporudi, alitazama kwanza ukuta wa nje, akaizunguka nyumba nzima, ndipo akaingia akiwa hana raha. Alilikuta dirisha ndani ya shuka. Akauliza kama tumekosa fundi. Mume wangu akasema kitu cha mtu hakipigiliwi, akamletea chai. Mara iliyofuata alileta pazia la maua, rido kama wanavyosema wenyewe, akasema ni zawadi kwa mama. Mume wangu akauliza kama dirisha lisiponunuliwa pazia litabaki. Yule bwana akababaika. Pazia likakunjwa likaingia chini ya shuka. Ukaja ufito wa kutundikia pazia. Likaja kopo la gundi ya vioo. Kila alichokileta ili kutuzidi nguvu kilipokewa, kikapanguswa, kikawekwa. Tulikuwa nyumba pekee Nyamirambo yenye kila kitu cha dirisha isipokuwa mahali pake, na mimi nilikuwa nashona na taa.

Siku moja nilishindwa kujizuia. Nilikuwa nimeshona tena uzi wa buluu kwenye nguo nyeusi, safari hii vazi la mwanamke mwenye msiba, na ilinibidi nifumue lote wakati mwenyewe amekaa ukumbini anangoja. Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba nimechoka kulinda mali ya mtu wakati yangu inaharibika. Ama anunue ama alitoe. Akasema hanunui kitu kwa sababu kimeegemezwa kwenye ukuta wake. Siku akinunua, atanunua kwa sababu ameamua. Akasema na kulitoa hawezi, mwenyewe ndiye atakayekuja kulichukua.

Nikamwambia, "Na macho yangu? Nayo si amana?"

Nilikwenda kulala nimekasirika. Kesho yake, kabla hajaenda sokoni, nilimwona amekaa kizingitini kwenye mwanga wa asubuhi na kapu langu la nyuzi magotini. Alichukua bobini moja moja, akaiinua juani, na kila iliyokuwa nyeusi aliifunga fundo kwenye ncha ya uzi. Za buluu aliziacha wazi. Alirudisha kapu mahali pake, akaenda sokoni. Tangu hapo nilikuwa napapasa fundo kwa vidole kabla ya kutia uzi, na kila uzi ulipokatika, yeye alifunga fundo jipya asubuhi. Sikumshukuru. Nilikuwa bado nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa ya haki.

Mtu wa madirisha akaja Ijumaa. Ijumaa mchana kwetu hakuna mwanamume mtaani, wote wako msikitini, na hilo pia alikuwa amejifunza. Safari hii aliongozana na fundi wa kujenga mwenye mtaimbo begani. Alisema wamekuja kupima tu. Fundi akapima ukuta wa chumba changu kwa kamba, akachora kwa mkaa. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo.

Akasema, "Mama, tobo ni bure. Mimi naleta fundi, mimi namlipa. Nani amesikia mtu analipa tobo?"

Fundi akaniomba nisogeze cherehani isiingie vumbi. Sikusema ndiyo. Nilisogeza cherehani.

Ukuta wa baba mkwe ulikuwa mgumu kwa nje na laini ndani. Fundi, ambaye aliijua kazi yake na hakutaka nyumba imwangukie, alipitisha kwanza gogo la mkaratusi juu, la kubeba matofali, ndipo akabomoa chini yake. Tofali la kwanza lilipotoka, mwanga uliingia umenyooka ukapiga juu ya meza, na nikaona nyuzi zangu. Nyeusi ilikuwa nyeusi. Buluu ilikuwa buluu, tena buluu ya kupendeza, sikujua. Nilitazama mikono yangu. Nilitazama kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani na sikuhitaji kukipeleka popote. Sikuwa nimeharibika macho. Nilifurahi mpaka nikaona haya kufurahi mbele ya wanaume wawili nisiowajua, nikaenda jikoni kuangalia pilau.

Niliporudi tundu lilikuwa limekamilika, na yule bwana amekaa ukumbini amekunja mguu. Alisema sasa mama umeona. Usiku kuna wezi, kuna mbwa, na mvua ya mwezi ule haibishi hodi. Kwa hiyo mzee akirudi atalipa leo, na dirisha litaingia leo. Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimesogezwa pamoja na cherehani.

Mume wangu alirudi na wenzake wawili wa msikitini, kama kawaida ya Ijumaa. Alisimama mlangoni mwa chumba akatazama nje ya ukuta wa baba yake, mpaka kwenye migomba ya mjane. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Sikio lake moja lilikuwa jekundu. Akageuka, akamsalimia mgeni, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akaniambia nipakue.

Yule bwana akasema kabla ya chakula wamalizane jambo dogo. Mume wangu akasema jambo na chakula havikai sahani moja. Wakanawa. Fundi na dereva nao wakaitwa wakala. Kila mara mtu wa madirisha alipofungua mdomo kusema juu ya tundu, mmoja wa wale wenzake alimwongezea pilau. Alikataa kwa mkono, wakamwongezea juu ya mkono. Walimwambia hajala. Walimwambia nyumba hii atailaumu. Alilegeza tai. Nje mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Mlima Kigali, na alikuwa akiyatazama kupitia mlangoni kwa matumaini, kisha baada ya nyama ya pili akaanza kuyatazama kwa wasiwasi, maana kamioneti ilikuwa ya kukodi na haina turubai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na nilipeleka sahani nyingine bila kuitwa.

Walipomaliza kunawa, mume wangu aliinuka akalifunua dirisha. Akaweka mbele ya mgeni pazia, ufito, kopo la gundi. Alivipanga sakafuni kimoja kimoja, wale wenzake wakiangalia.

"Tazama vizuri. Iko vile uliacha?"

Yule bwana alitazama. Alipitisha kidole kwenye kioo, kikateleza. Nafikiri hakuwa amewahi kurudishiwa kitu kikiwa safi kuliko alivyokileta.

"Iko vile vile, mzee."

"Amana yako imefika. Mashahidi hawa."

Mtu wa madirisha akacheka kidogo, akatazama wote, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Akasema, "Na tobo, mzee? Mvura iko inakuja. Utalala namna gani na tobo?"

Nikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa desturi yangu kutoka mbele ya wageni wa mume wangu.

"Ulisema tobo ni bure," nikasema. "Fundi yuko hapa, amesikia."

Fundi alikuwa anachokoa meno. Alisema ndiyo, alisikia, na kwamba yeye analipwa na bwana huyu. Aliongeza kwamba kuziba ni kazi nyingine, hawakupatana. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu wa madirisha hana kipande cha kitu mkobani cha kunionyesha. Kisha yeye na dereva wakabeba dirisha wakalipeleka kwenye kamioneti, na mume wangu akawasaidia kulishika upande wa kioo, akiwaambia waende taratibu kwenye mashimo ya barabara. Mvua iliwakuta kabla hawajafika lami.

Ilitukuta na sisi. Mume wangu alitwaa lile shuka la harusi, akalipigilia kwenye tundu kwa misumari, akatega sinia chini yake la kupokea maji. Alipigilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimshikia taa. Hakuniuliza kwa nini cherehani ilikuwa upande wa pili wa chumba, nami sikumwambia. Alisema tu kwamba ukuta ulikuwa wa baba yake. Nikamwambia najua. Mjane alibisha hodi kuja kuuliza kama nyumba imeanguka, akaliona tundu, akalitazama sana, akasema wewe angalau kiraka chako kinapitisha hewa.

Asubuhi nilikwenda kwenye chumba changu cha kushonea nikakikuta kimejaa mwanga mweupe wa kupitia shukani. Niliona maua ya shuka letu, ambayo miaka ile yote nilidhani yamefifia, yamesimama ukutani yote. Mume wangu alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kapu la nyuzi magotini. Alikuwa akitoa bobini nyeusi moja baada ya nyingine, na kwa kucha zake, bila haraka, alikuwa anafungua mafundo.

Nilikaa chini kando yake, nikachukua zilizobaki, tukafungua pamoja.